Nani Atakaa Kwenye Pedali

Tarehe 3 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini utanisalimia, kwa hiyo nakujibu mapema. Mimi mzima. Goti la kushoto linaniudhi nikipanda ngazi ya mlangoni, nalitukana, tunaendelea. Mume wetu naye mzima. Amekaa hapa nje anachagua mchele kwa vidole, jiwe halimpiti, na anataka nikuandikie kwamba tangu uondoke hakuna anayemkuna mgongo vizuri. Usimjali babu yako. Mgongo namkuna mimi, ila kulalamika kumemkaa. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kiume, kichwa kikubwa kama cha baba yake, na tumempenda hivyo hivyo.

Anayeandika ni jirani yetu mshonaji, kama siku zote. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinivalishe maneno ya watu waliosoma. Hapo amecheka. Andika na hilo, kwamba umecheka.

Sasa barua yako. Umesema huko gereji wamekutoa kwenye pedali wakakupa spana. Mimi nilivyosikia nilitoka nje nikawatangazia watu ambao hata hawakuniuliza. Muuza mkaa ameniambia, "Hongera Bibi, lakini ni kitu gani hicho?" Nikakwama. Nimekaa kwenye lori na mume wetu miaka na miaka, ninachojua ni kwamba breki inashika gari, na isiposhika tunakufa. Zaidi ya hapo sijui. Nikimuuliza yeye ananieleza kama mtu anayefukuza kuku. Nieleze wewe, polepole, ili nikajivune nikiwa najua najivunia nini.

Na huyo fundi wenu mkubwa ni mtu wa namna gani? Anakutazama usoni akisema nawe? Kula ushibe. Ukikonda nitakuja mwenyewe.

Bibi yako

*

Tarehe 24 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo, na mume wetu shikamoo yake peke yake asije akalalamika. Mgongo auweke tayari, nikija nitaukuna. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini ni kikavu na mama mwenye nyumba hana makelele. Nakula.

Hongera kwa mtoto wa shangazi. Kichwa kitatulia.

Nakueleza. Ukikanyaga pedali, mguu wako hausukumi gurudumu. Unasukuma mafuta. Mafuta yanapita kwenye vipaipu vyembamba mpaka kwenye kalipa, chuma kinachoikumbatia sahani ya gurudumu, na kalipa inabana, gari linasimama. Mafuta hayakubali kushindiliwa, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika. Hewa inakubali. Hewa ikiingia humo, unakanyaga na pedali inazama kama umekanyaga godoro, na gari linaendelea na safari zake.

Kuitoa hiyo hewa ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu, kwenye kiti cha dereva. Mmoja chini, kwenye gurudumu, na spana yake, na mpira mwembamba ulioingia kwenye chupa. Wa chini anasema, "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga mara kadhaa. "Shikilia!" Anaganda na mguu chini. Hapo mimi nalegeza nati ndogo ya kalipa, mafuta yanatoka na mapovu yake ndani ya chupa. Nakaza. Nikishakaza ndipo nasema, "Achia!" Wa juu akiachia kabla sijakaza, hewa inavutwa ndani tena na tunaanza upya. Tunakwenda hivyo, gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta yatoke bila povu.

Aliye chini ndiye mwenye amri, Bibi. Aliye juu anatii. Kwa hiyo juu hukaa mgeni kuliko wote. Nimekaa huko mpaka paja la kulia likawa nene kuliko la kushoto. Siku hizi mgeni ni mchomeleaji, mtu mzima mwenye tumbo. Kila akikanyaga, usukani unamsukuma, anasema, "Samahani," sijui anauomba radhi usukani au mimi.

Fundi wetu tunamwita Mzee Kaza, kwa sababu umuulize chochote atasema, "Kaza." Gereji ni yake. Natamani ungemwona. Gari likipita tu barabarani, yeye kichwa kiko ndani ya injini ya mtu, anasema, "Pedi za breki za nyuma zimekwisha," na baada ya siku mbili gari hilo linakuja kubadilisha pedi za nyuma. Hatazami mtu usoni sana, anageuza sikio. Lakini nilipokuja na mkoba wangu, gereji nyingine zote zilishaniambia hakuna kazi ya binti, na yeye aliniuliza swali moja tu: "Unaogopa uchafu?" Nikasema siogopi. Akasema, "Basi kaza."

Mjukuu wako

*

Tarehe 2 Mei

Mke mwenzangu,

Hujambo wewe? Maana mimi sijui. Barua moja nzuri, halafu kimya. Nimekutumia salamu kwa mwanafunzi aliyekuja huko, amerudi anasema amekuona barabarani, umemsalimia, umekonda. Umekonda!

Huku wazima. Mtoto wa shangazi ameota jino kabla ya wakati wake, anauma kila mtu, hachagui. Mume wetu ameanguka kidogo kwenye kibao cha bafuni, hakuumia, ameumia kiburi tu.

Ile habari ya mapovu nimeieleza kwa muuza mkaa, kwa mke wa muuza mkaa, na kwa mtu wa mita za maji aliyekuja kusoma mita. Wote wameelewa. Nikiwaambia, "Mjukuu wangu akisema shikilia, mwanamume mwenye tumbo anashikilia," nawaona wanavyonitazama. Naipenda sana sehemu hiyo.

Kama umekosana na mtu niambie. Kama unaumwa niambie haraka zaidi. Kama ni mwanamume niambie jina lake na la mama yake.

Bibi yako

*

Tarehe 19 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Siumwi, na si mwanamume. Mwambie mume wetu aweke gunia kavu chini ya kile kibao, hakitateleza.

Nimerudishwa kwenye pedali. Gari la wagonjwa la hospitali lilitengenezwa breki kwetu, likarudi pedali ikiwa laini. Mimi ndiye niliyetoa hewa, basi lawama ni yangu. Hakuna aliyeumia. Tafadhali usimwambie muuza mkaa.

Nina swali dogo. Mume wetu aliachaje lori? Nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu kwamba siku moja alikuwa dereva, na siku nyingine funguo zilikuwa juu ya meza na hakuna aliyezigusa. Kuna mtu alimwambia? Alimwambiaje?

Mjukuu wako

*

Tarehe 1 Juni

Mke mwenzangu,

Mimi mzima, goti bado, jino la mtoto sasa ni mawili.

Unasahau jambo. Barua zako husomwa kwa sauti. Mshonaji alipofika kwenye swali lako mume wetu alisimama, akaacha sinia la mchele pale pale, akaingia ndani. Jioni hakula vizuri. Kwa hiyo hilo sitalijibu leo.

Ila mimi nimekulea. Ulipokuwa mdogo, ukitaka sukari ulikuwa unauliza habari za chai. Unaniuliza babu yako aliachaje lori, yaani macho yake yaliishaje, na babu yako yuko hapa hana shida. Ni macho ya nani huko yanayokusumbua? Na breki zile sikuamini. Wewe ukifua shati unalifua mpaka mistari inatoka. Huachi hewa.

Barua ijayo andika jina la mshonaji juu ya bahasha. Atanisomea kwake, kwa sauti ndogo. Sema yote.

Bibi yako

*

Tarehe 15 Juni

Bibi,

Shikamoo, na shikamoo kwa anayesoma. Nasema yote.

Gari la wagonjwa lilikuja linavuja mafuta magurudumu ya mbele. Mzee Kaza akafungua kalipa zote mbili, akabadilisha mipira ya ndani, akazirudisha mwenyewe. Gari hilo hamwachii mtu. Kisha akaniambia nitoe hewa. Nikatoa mpaka mafuta yakaja safi, hakuna povu hata moja. Pedali ikawa laini. Nikarudia. Safi tena, na laini tena. Mzee akapanda, akaipampu haraka haraka mpaka ikawa ngumu chini ya mguu wake, akasema liende.

Siku hiyo hiyo dereva alifika lango la hospitali, ndani kuna mama na kichanga chake. Akakanyaga, pedali ikagusa sakafu. Akavuta breki ya mkono, wakasimama ndani ya ua wa michongoma. Kichanga hata hakuamka. Dereva alirudi kwetu, gari likivutwa kwa kamba, mikwaruzo ubavu mzima, akasema, "Nani aliyenitengenezea jeneza?" Mzee akaninyooshea kidole. "Huyu ameacha hewa. Atatoa tena, na likirudi mara nyingine atafunga mkoba wake."

Akaondoka na dereva kutafuta pedi mpya. Nikaingia chini. Nikiwa nimelala pale tone la mafuta likaniangukia shavuni, kutoka kwenye nati. Bibi, nati ile siku zote huwa juu ya kalipa. Lazima iwe juu, kwa sababu hewa hupanda. Hii ilikuwa inanitazama. Ya upande wa pili pia. Kalipa ya kulia ilifungwa kushoto, ya kushoto ikafungwa kulia. Ndiyo maana chini palitoka mafuta safi, na hewa imekaa juu imetulia, hakuna njia ya kutokea. Na mimi mwenye macho mazima sikuona. Nilitazama chupa, sikutazama nati imekaa wapi.

Nikazifungua, nikazibadilisha pande, nikamwita mchomeleaji akanikanyagia. Yalitoka mapovu kama chungu kinachochemka. Kisha pedali ikasimama juu, ngumu. Mchomeleaji aliona kila kitu, akasema, "Mimi ni mtu wa moto, breki sizijui," akaenda zake.

Mzee akarudi, akakanyaga, akafurahi. "Umeona? Ilikuwa hewa tu. Sasa kaa kwenye pedali mpaka ujifunze subira." Sikusema neno. Watu walikuwa wengi.

Tangu siku hiyo nimemtazama. Namba za spana anazisoma kwa kidole gumba. Akimimina mafuta ya breki yanamwagika pembeni ya kopo. Akipewa kifaa kipya anasema amesahau miwani, na hana miwani, Bibi, hajawahi kuwa nayo.

Nikimwambia ataniondoa, na hapa hakuna gereji nyingine itakayonichukua. Nisipomwambia nitabaki kwenye pedali na jina la mtu anayeacha hewa, na siku moja atafunga kitu kingine vibaya, gari litaondoka na watu. Yeye ndiye aliyenipa kazi. Ndiye fundi bora niliyewahi kumwona. Nifanyeje?

Mjukuu wako

*

Tarehe 30 Juni

Mke mwenzangu,

Mume wetu amekwenda kupimwa presha, na kule kuna foleni ya kufa mtu, kwa hiyo nina nafasi. Mshonaji amefunga mlango.

Kwanza nikuambie hivi. Uliingia chini ya gari ukaokoa roho za watu, kisha ukasimama ukatukanwa ukanyamaza. Nimekaa nalo usiku na mchana na bado sijapata wa kukufananisha naye kwenye ukoo huu, na mimi mwenyewe nimo humo.

Sasa kuhusu lori. Tulikuwa tunarudi na mzigo wa saruji, mimi kiti cha pembeni, utingo nyuma. Mbele mwanamke anavuka na ndoo kichwani. Nilimwona mapema kabisa. Nikangoja mume wetu apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikapiga kelele, akakanyaga, tukasimama karibu na kanga zake. Ndoo chini. Alitutukana, na alikuwa na haki. Mume wetu akasema, "Jua lilinipiga machoni." Jua lilikuwa nyuma yetu.

Sikumwambia pale. Mtu akiambiwa mbele ya utingo wake hasikii maneno, anasikia aibu tu. Nilimwambia nyumbani, tuko wawili. Nikasema, "Yule mwanamke hukumwona. Jua lilikuwa nyuma. Huoni tena." Basi. Sikusema labda, sikusema pole.

Akaniambia nimezeeka vibaya. Akahamia kwenye benchi la nje. Baada ya siku kadhaa akaja kwa mshonaji hapa, akaomba sindano na uzi, eti ajishonee kifungo. Alihangaika na tundu la sindano mpaka mate yakamkauka. Mshonaji anataka niseme kwamba hakumcheka. Najua hukumcheka. Akarudi nyumbani, akaweka funguo mezani. Hajalizungumza mpaka leo.

Nami kila jioni nilikwenda nikakaa naye kwenye lile benchi, bila kusema kitu. Unanijua. Kwangu hiyo ni kazi kuliko kubeba saruji.

Kwa hiyo mwambie. Gari la wagonjwa umelirekebisha, la kesho je? Ngoja muwe wawili. Mwambie ulichokiona, usimwambie unachokifikiri. Usilie. Atakasirika, mwache akasirike, hasira hazijamuua mtu mzima. Na ukishamwambia usikimbie. Akikufukuza, kaa nje ya lango lake akuone.

Na akikufukuza kweli kweli, una kwenu. Kitanda chako kipo, nimekataza mtu asikilalie.

Bibi yako

*

Tarehe 28 Julai

Bibi yangu na mume wetu,

Shikamooni wote wawili. Bahasha hii nimeiandika jina la Bibi kwa makusudi. Isomwe nje, kwa sauti, mume wetu akiwepo.

Babu, ni habari ya fundi wangu. Macho yamemchoka, na mimi ndiye niliyemwambia.

Nilingoja wengine wakaenda kula. Alikuwa stoo, anapapasa boksi la mipira. Nikasema, "Mzee, kalipa za gari la wagonjwa zilikuwa zimegeuzwa pande. Nati zilitazama chini. Nilizibadilisha wewe ulipotoka."

Akasema, "Nani alizifunga?"

"Wewe."

Akarudisha mkono ndani ya boksi. Kisha akasema, "Na umengoja mpaka leo kuja kunicheka?"

"Sijacheka, Mzee. Huoni karibu. Spana unazisoma kwa kidole."

Alitupa boksi. Akaniita mtoto wa jana. Akasema nitoke, na nikatoka. Lakini sikwenda mbali. Nilikaa juu ya tairi bovu ng'ambo ya lango, mpaka wakafunga. Kesho yake nikaja nikakaa tena. Watu waliona, hakuna aliyeuliza. Mchomeleaji aliniletea chai, akasema, "Samahani," akaondoka. Siku ya tatu jua lilikuwa kali, nikajifunika ovaroli kichwani, nikaendelea kukaa. Nilikuwa na hofu, Babu. Nilishafunga mkoba chumbani.

Mchana ikaja pikapu ya kubadilisha kalipa. Nikamwona Mzee ameziweka zote mbili mezani, anazigeuza, anapitisha kidole gumba kwenye nati, anaziweka chini, anazichukua tena. Watu wamesimama wanamtazama. Kisha akaita, bila kugeuka, "Wewe wa kwenye tairi! Njoo."

Nikaenda.

"Hii ya upande gani?"

"Kushoto, Mzee."

Akasema kwa sauti, gereji nzima isikie, "Gari la wagonjwa nilikosea mimi. Kalipa nilizigeuza. Huyu ndiye aliyeona, na akanyamaza asiniaibishe." Kisha akanipa zote mbili. "Funga. Halafu toa hewa."

Nikafunga. Nikapiga magoti kwenye gurudumu na chupa yangu, nikauliza nani atakaa kwenye pedali. Mchomeleaji akaanza kuja, tumbo mbele. Mzee akamzuia kwa mkono. Akafungua mlango wa pikapu, akapanda mwenyewe, akavuta kiti. Mafundi wa siku nyingi waliniambia baadaye kwamba hawajawahi kumwona akikaa pale kumkanyagia mtu.

Akasema, "Haya. Sema."

Nikaingiza spana kwenye nati. Nikasema, "Kanyaga." Akakanyaga. "Shikilia." Akajibu, "Nimeshikilia," kama mgeni wa siku moja. Nikalegeza, nikatazama mapovu yakitoka, nikakaza. "Achia." Aliachia pale pale niliposema, si kabla. Tulizunguka gari zima hivyo, Babu, na hakuna aliyecheka. Gurudumu la mwisho akasema, "Kuna moja limebaki, nalisikia mguuni." Nikarudia, na kweli likatoka povu dogo kama kichwa cha pini.

Amekubali kwenda kupimwa macho. Nimerudi kwenye spana. Anachokifunga yeye nakitazama mimi, ninachokitengeneza mimi anakisikiliza yeye.

Mjukuu wenu

*

Tarehe 10 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba. Tuko wazima sote. Mtoto wa shangazi ana meno manne na tumeanza kumwogopa.

Barua yako imesomwa nje, kama ulivyoagiza. Mimi nimejivuna mpaka goti limepona kwa muda. Siku ile juani nilikuwa najua utakaa, kwa sababu mimi ndiye niliyekulea, lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia kimesomwa ni kingine. Na huyo Mzee Kaza nilikuwa simwamini. Sasa namwamkia kutoka huku, ingawa huenda nimemzidi umri. Mwanamume anayesema "nilikosea mimi" mbele ya wafanyakazi wake, kisha akapanda kukanyaga pale anapoambiwa na msichana, huyo ningempikia. Mshonaji naye ameshindwa kusoma hapo, tumengoja afute macho.

Mume wetu alisikiliza, sinia mapajani. Nikafikiri atainuka aingie ndani. Hakuinuka. Akasema asomewe tena pale mzee alipofungua mlango wa pikapu. Akasomewa. Akakaa. Nami nikakaa naye, sikusema kitu. Kisha akasema yeye mwenyewe, bila kuulizwa, na akataka yaandikwe kama alivyoyatamka:

"Mwambie huyo fundi kwamba mimi mpaka leo, nikipewa kiti cha pembeni kwenye gari la mtu, mguu wa kulia unakanyaga. Hakuna pedali pale, ni zulia tupu, nao unakanyaga. Mwanzoni nilikuwa nauficha chini ya mfuko. Mwambie asiufiche wa kwake."

Bibi yako